Anataka Jioni Moja Tu, Kama Kwenye Filamu

Shangazi,

Nina miaka 37, nimeolewa hapa Kibwezi na nina watoto wawili. Mume wangu hana neno. Juzi kikundi cha WhatsApp cha darasa letu la sekondari kilinikutanisha na kijana tuliyependana tukiwa kidato cha nne. Aliniacha bila hata kuniaga. Sasa anaishi Mutomo. Amenitumia filamu ya Kihindi iitwayo Jaanu, akaandika, “Hawa ni sisi.” Anaomba tuonane jioni moja tu. Anasema hata hivyo sina cheti cha ndoa, ni mbuzi wa ntheo tu waliotolewa. Naogopa, lakini simu yake ikiita moyo unaruka. Nifanyeje?

Mama Wawili, Kibwezi

Mama Wawili,

Filamu hiyo naijua, na sishangai imekukaba koo. Ni ya Kitelugu, ya mwaka 2020. Mwongozaji wake, C. Prem Kumar, alikuwa ameshaisimulia hadithi hiyo kwa Kitamil mwaka 2018, katika 96. Itazame tena, safari hii polepole. Ram na Jaanu wanakutana kwenye sherehe ya waliosoma pamoja. Jaanu ameolewa, anaishi Singapore. Usiku ule wanazungumza tu, na Ram anaona haya hata kumkaribia. Kinachowaliza ni kugundua kwamba zamani Ram alimfuata hadi chuoni, naye Jaanu akaagiza afukuzwe bila kumwona, akidhani ni mtu mwingine aliyekuwa akimsumbua. Miaka yote hiyo kila mmoja aliamini ameachwa. Kisha Jaanu anapanda ndege, anarudi kwake.

Huyu wako hajakueleza kwa nini alitoweka. Anataka jioni kwanza. Na kati yenu hakuna safari ya ndege, kuna Mto Athi tu. Tangu barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Mutomo iwekwe lami, mtu huamka asubuhi akaenda na kurudi siku hiyohiyo. Jioni hiyo, dada yangu, haitakuwa moja.

Lile neno la cheti limeniudhi sana. Aliyekulia Ukambani anajua vizuri kwamba mbuzi wa ntheo wakishapokelewa kwenu, wewe ni mke wa mtu. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inaitambua ndoa ya kimila, ila inataka isajiliwe. Kwa hiyo hicho cheti kifuatilieni, wewe na baba watoto. Mtu anayekutakia mema hawezi kuanza kwa kuidharau ndoa yako.

Sikuambii umzimie simu kimya kimya, maana kuachwa bila kuagwa kunauma, na una haki ya kujua. Mpigie mchana, umuulize jambo moja: kwa nini uliondoka? Msikilize hadi amalize. Awe na sababu nzuri au mbaya, mwambie umesikia na kwamba hamtaonana. Usikubali “tuonane nitakueleza.” Halafu mweleze mumeo kwamba mtu huyu alikutafuta na ukamjibu hivyo. Ni afadhali alisikie kwako kuliko kwa mmoja wa kile kikundi.

Mwezi ukipita na moyo bado unaruka, niandikie tena. Ila safari hiyo nieleze habari za mumeo: anarudi saa ngapi, mnaongea nini mkishawalaza watoto, mara ya mwisho alikuchekesha lini. Katika barua hii umempa sentensi moja tu.