Kidole Chako Ni Sahihi Yako

Januari 2020 zilianza kuzimwa laini za simu zisizosajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Jambo hili ni jema. Lakini wezi wamelitafutia hila.

Mkulima wa chai wa Rungwe aendapo Tukuyu mjini kusajili laini, wakala asiye mwaminifu aweza kumwambia, “Kidole hakijasoma, weka tena.” Kumbe mara ya pili yasajiliwa laini nyingine, nayo huuzwa kwa matapeli. Kisha mjane wa mbali hupokea ujumbe, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” naye hupeleka fedha ya shule ya mwanawe. Polisi wafuatapo nyayo, hulikuta jina la mkulima asiye na hatia.

Basi, enyi wazazi, twawasihi: msirudie kuweka kidole bila kuelezwa sababu. Bonyezeni *106# mzihakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkiona msiyoijua, nendeni ofisi ya mtandao huo ifutwe. Ujumbe wa kitapeli upelekeni namba 15040. Vijana, wasaidieni wazee wasiojua kusoma.

Amri ya saba yatukataza kuiba. Upendo wa jirani watuagiza pia tusimfungulie mwizi mlango.