Tunampiga picha mwenye dhiki kwa ajili ya nani?

Hapa Makambako, ninapowafundisha vijana kupiga picha, huanza na picha moja ya Louisville, Marekani. Januari 1937 mto Ohio ulifurika, uchumi wa nchi ile ukiwa bado taabani. Mpiga picha Margaret Bourke-White aliwakuta watu weusi wamepanga foleni kusubiri msaada. Nyuma yao bango kubwa: familia ya Wazungu garini, wakitabasamu, na maneno ya kujisifu kuwa Marekani inaongoza duniani kwa maisha bora. Jarida la Life liliichapisha Februari mwaka huo.

Ndugu msomaji, wengi wanaoiona leo hudhani ni foleni ya wasio na kazi. Mafuriko yamesahaulika! Ndiyo maana nawasisitizia vijana: ukipiga picha ya waathirika, kama wale wa Dar es Salaam wa Desemba 2011, andika ni wapi, lini, na nini kimewafikisha pale. Kisha waombe ruhusa.

Suratul Baqara, aya ya 264, inakataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na udhia. Je, kumwanika gazetini mama aliyepoteza nyumba, akipokea kilo mbili za unga, ili mtoaji aonekane, si masimango hayo?