Dawa za Kiungulia na Kazi Zake

Juma la mtihani likikaribia, husikika bwenini mtu akiomba "kidonge cha tumbo", naye mwenzake humpa chochote kilichomo sandukuni. Nami nilipokuwa shuleni nilikuwa miongoni mwa waombaji hao. Yafaa basi, wenzangu, tuzitazame dawa hizo, maana zote huitwa za tumbo, lakini kazi zake ni mbalimbali.

Tumbo hutoa asidi ya hidrokloriki, ile ile tuijuayo katika chupa za maabara. Ikipanda umioni, ndicho kiungulia.

Dawa za kwanza huizima asidi iliyokwisha toka. Magnesia ni mojawapo: ni besi, nayo ikikutana na asidi hufanya chumvi na maji. Nafuu huja upesi, lakini haikai. Magnesia hulegeza choo, na alumini hukifunga. Kwa hiyo watengenezaji huzichanganya pamoja. Bikaboneti ya soda hutoa gesi, ndiyo sababu ya mbeuo. (Magadi ya kupikia maharage ni kitu kingine, tena kikali zaidi, usiyanywe kama dawa.)

Dawa za pili hupunguza asidi kabla haijatoka. Simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black na wenzake, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Famotidini ni ya ukoo huo. Omeprazoli ikatokea Sweden mwaka 1988, nayo ina nguvu kuzidi hizo. Fikiri maji yamefurika sakafuni: magnesia ni tambara la kuyafuta, famotidini hupunguza bomba, na omeprazoli hufunga pampu yenyewe. Lakini humezwa kama nusu saa kabla ya chakula, na nguvu yake hutimia baada ya siku kadhaa. Aimezaye usiku wa manane, kisha akaitukana asubuhi, aionea bure.

Lakini yako maumivu yasiyotoka kwa asidi peke yake. Zamani vidonda vya tumbo vilisingiziwa mawazo na pilipili. Huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliona bakteria ndani ya matumbo ya wagonjwa, na watu wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao, akaugua, na utando wa tumbo lake ukaonekana umewaka. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi mwenye bakteria hao hupewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14. Kwanza lakini apimwe, kwa choo au kwa pumzi, kwani kumeza antibiotiki kwa kubahatisha huwafundisha bakteria ukaidi.

Sababu nyingine ya vidonda imo mifukoni mwetu: aspirini na ibuprofeni. Hizi hutuliza kichwa na meno, lakini hudhoofisha ulinzi wa utando wa tumbo. Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne aliumwa tumbo akawa anameza aspirini kila siku, akidhani maumivu ni maumivu. Choo chake kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni dalili ya damu, nayo, kama kutapika damu, yataka hospitali siku ile ile. Yeye aliona haya, akanyamaza siku tatu, hata akaanguka darasani. Mtihani aliufanya mwaka uliofuata.