Taa ya Injini Ikiwaka: Jinsi ya Kuchunguza Sensa ya Presha katika Lori la Majani ya Chai

Msimu wa mvua majani ya chai huchipua upesi, na kila mkulima wa Kericho na Bomet aijua shida inayofuata. Majani yamechumwa tangu asubuhi, mawili na chipukizi, yamepimwa kituoni, yamo magunini, na lori halijafika. Majani yaliyoshindiliwa hujipasha joto yenyewe. Ukitia mkono katikati ya gunia jioni utasikia joto lake. Yakisha kugeuka mekundu hayarudi kuwa mabichi, wala hapana kiwanda kiwezacho kutengeneza chai njema kwa majani hayo.

Mara nyingi lori lililochelewa halikuvunjika kitu kikubwa. Dereva husema taa ya injini imewaka na gari limekosa nguvu mlimani. Fundi huja na mashine yake ya kusomea, nayo humpa namba ya hitilafu, na namba hiyo yasema habari za sensa ya presha. Basi mwenye lori huambiwa anunue sensa mpya. Huinunua, lori huenda siku mbili, na taa huwaka tena.

Mimi si fundi. Ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Lakini wakulima wengi siku hizi wameungana katika vikundi na kununua lori, na maswali yao huletwa mezani kwangu pamoja na yale ya mbolea. Kwa hiyo nimekaa na mafundi, nimeuliza, nimeona kwa macho yangu, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Kwanza tujue kazi ya kila kitu. Injini ya dizeli hutaka hewa nyingi ili iunguze mafuta yake sawasawa. Turbo ni feni mbili ndogo juu ya mhimili mmoja. Moja huzungushwa na moshi utokao katika injini, na ya pili husukuma hewa safi iingie kwa nguvu. Hewa hiyo hupita katika mipira minene, hupozwa katika rejeta yake ambayo mafundi huiita intakula, kisha huingia katika injini. Karibu na mwisho wa njia hiyo imekaa sensa ya presha, kifaa kidogo kama kizibo chenye plagi ya nyaya tatu. (Jina ni moja na ile sensa ya kuhesabu watu, ila hii huhesabu nguvu ya hewa.) Sensa huipa kompyuta ya lori habari ya presha iliyomo. Kompyuta ikiona habari hizo haziaminiki, au presha haitoshi, hupunguza mafuta ili injini isidhurike. Ndipo lori lililojaa majani hupanda mlima kwa mwendo wa mzee mwenye mkongojo. Malori ya zamani yenye pampu ya kawaida hayana kompyuta hii, na somo hili haliyahusu.

Sasa namba. Namba ya hitilafu si jina la kipuri cha kununua. Ni lalamiko la kompyuta. Mtoto akija kumwambia mwalimu kwamba darasani mna moshi, hatumfukuzi mtoto shuleni, twaenda kutazama moshi. Wengi wetu humfukuza mtoto. Sensa ndiye mtoto yule.

Malalamiko ni ya aina tatu, na kuyatenganisha ndiyo nusu ya kazi. Katika malori madogo na ya kati namba huanza na herufi P. P0237 maana yake umeme wa sensa ya turbo uko chini mno, na P0238 uko juu mno. Hizi mbili ni habari za nyaya na plagi kwanza, kisha sensa. P0236 yasema sensa inaleta habari zisizolingana na hali ya injini. Na P0299 yasema jambo jingine kabisa: presha yenyewe ni haba. Ukiona P0299 fahamu kwamba aghalabu sensa inasema kweli, na kuibadilisha ni kutupa pesa. Malori makubwa huandika kwa njia nyingine: SPN 102 ndiyo presha ya hewa iingiayo katika injini, na namba ya FMI hufuata. FMI 3 ni umeme kuwa juu, FMI 4 ni umeme kuwa chini, FMI 2 ni habari zinazorukaruka. Mwambie fundi akuandikie namba nzima kwenye karatasi kabla hajaifuta. Asemaye tu “ni sensa” hajakwambia kitu.

Jaribio la kwanza halina gharama, nalo hufanywa kabla ya kuwasha injini. Washa swichi tu, injini ikiwa imezimwa na imepoa, kisha mashine isome sensa ya turbo. Injini ikiwa imezimwa hakuna kinachosukuma hewa, kwa hiyo sensa lazima isome presha ya hewa ya kawaida ya mahali lilipo lori. Malori mengi yana sensa ya pili ya kupima hewa ya nje. Zote mbili zapasa kukubaliana, au zipishane kidogo sana.

Hapo ndipo watu wa nchi yetu ya chai hupotezwa, na nataka tukae hapa kidogo. Vitabu vingi husema hewa ya kawaida ni kilopaskali 101. Ni kweli, pwani. Mombasa iko usawa wa bahari, na hewa yote iliyo juu yake huilemea. Kadiri upandavyo, hewa iliyobaki juu yako hupungua, na uzito wake pia. Kisumu, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,100 hivi, utasoma kama 88 au 89. Kericho na sehemu za juu za Bomet, kwenye mita 2,000 na zaidi, utasoma 78 hadi 80. Hiyo si hitilafu, ndiyo hewa yetu. Nimemwona fundi, aliyejifunzia kazi nchi ya chini, akiikataa sensa nzima kwa sababu ilisoma 79, na yeye alitaka 101. Kwa kweli hapa kwetu sensa isomayo 101 injini ikiwa imezimwa ndiyo ya kutiliwa shaka.

Tena msitazame presha iliyoandikwa katika habari za hali ya hewa kwenye simu. Itakuonyesha kama 1,015, yaani kilopaskali 101 na nusu, hata ukiwa Kericho mjini. Wataalamu wa hali ya hewa huigeuza hesabu iwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, wapate kulinganisha mji na mji. Lori halijui hesabu hiyo. Dereva atakaye kuona jambo hili kwa macho, na amwombe fundi apande naye siku wateremkapo kwenda Ahero. Sensa ya hewa ya nje itapanda polepole, kilopaskali baada ya kilopaskali, mpaka wafike tambarare.

Zikikubaliana zote mbili karibu na 79, sensa ya turbo haijakosea mahali hapo, na taabu huenda iko kwingine. Moja ikisoma mbali, mathalani 60, shaka iko kwake au katika nyaya zake. Mashine ikionyesha chini kabisa au juu kabisa pasipo kusogea, nenda moja kwa moja kwenye nyaya.

Nyaya zetu zina adui wawili, nao ni mvua na mashine ya kuoshea. Lori la majani huoshwa mara kwa mara, na kijana mwenye mpira wa maji ya nguvu huulenga kwenye injini ili matope yatoke upesi. Maji huingia katika plagi na kukaa humo, na shaba hugeuka kijani. Chomoa plagi, itazame kwenye mwanga, ikauke, isafishwe kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, na uone kama vipini vimelegea au waya umeliwa na panya. Chomoa na sensa yenyewe pia. Katika injini zinazorudisha sehemu ya moshi ndani, masizi na mafuta huziba kijitundu chake. Kisafishwe kwa dawa na kitambaa, wala usichokore kwa msumari, maana utando ulio ndani ni mwembamba sana.

Kisha mita ya umeme. Katika nyaya tatu, mmoja huleta volti 5 kutoka katika kompyuta, mmoja ni wa athi, na mmoja hurudisha habari. Plagi ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, waya wa kwanza uonyeshe volti 5, pungufu au zaidi kidogo tu. Waya wa athi ukikatika, mara nyingi ndio uletao lile lalamiko la umeme kuwa juu. Volti 5 zikikosekana, usilaumu sensa hii peke yake, kwa kuwa waya huo hugawiwa sensa nyingine pia, na moja iliyoungua ndani huweza kuwanyima wenzake wote. Chomoa moja moja huku unatazama mita. Zikirudi volti 5, umempata mwenye kosa.

Lalamiko likiwa la umeme kuwa chini, fundi mwenye uzoefu huweza kuunganisha, kwa kipande cha waya, ule waya wa volti 5 na waya wa habari katika plagi iliyochomolewa. Lalamiko la chini likigeuka kuwa la juu, nyaya na kompyuta ni nzima, na sasa waweza kununua sensa kwa moyo mmoja. Lisipogeuka, waya umekatika njiani. Lakini jihadharini: malori mengi hutumia volti 24, na umeme wa betri ukigusa waya wa habari, kompyuta yaweza kuungua, na bei yake si ya kuulizia. Ile taa ya kupimia ya balbu isitumike hapa kamwe.

Sasa P0299, presha haba. Nitaeleza kwa habari ya jirani yangu, mzee ambaye lori lake hubeba majani ya wakulima wa kilima chetu. Mvua zilipokuwa nyingi, taa iliwaka kila alipopanda na mzigo. Aliambiwa ni sensa, akauza mtamba mmoja akainunua. Taa ikawaka. Akanunua ya pili, iliyotumika, yenye plagi ileile ila ya injini nyingine, na sasa namba zikawa mbili, P0299 na P0236. Siku hiyo majani yalifika kiwandani saa tatu ya usiku, na magunia mengi yalikuwa ya moto. Wenye majani walikuwa wakisubiri kituoni tangu alasiri, wanawake wengine na watoto mgongoni, na walirudi nyumbani hawajui kama kazi ya siku itahesabiwa.

Alipokuja ofisini alisema, “Mwalimu, gari hili limelogwa.” Tulimwita fundi mzee wa huku kwetu. Aliwasha swichi tu, akasoma: sensa ya turbo 60, hewa ya nje 79. Akasema sensa ile si ya gari hili. Sensa mbili zaweza kufanana sura na kutofautiana kipimo, kwa hiyo linganisha namba iliyopigwa ubavuni mwake. Tukairudisha ya kwanza kabisa, ile aliyoambiwa imekufa. Ikasoma 79.

Ndipo akageukia hewa. Alitazama chujio la hewa kama limejaa vumbi, akapitisha mkono chini ya kila mpira kutoka turbo mpaka intakula na kutoka intakula mpaka injini. Mahali pamoja vumbi jekundu lilikuwa limegandamana na mafuta. Alipaka maji ya sabuni, injini ikakanyagwa, hapakutoka povu. Wengine wangeishia hapo. Yeye alisema mpira haufunguki kwa injini isiyo na mzigo, akaomba lori lipakiwe magunia na lipandishwe kilimani. Tulisikia mluzi, moshi mweusi ukatoka, na presha iliyokuwa ikipanda ikaanguka ghafula. Alipolegeza kamba ya chuma ya mpira, tuliona ufa mrefu kama kidole, uliofichwa na kamba ile. Mpira mpya ulikuwa sehemu ndogo ya bei ya sensa zile mbili.

Mipira ikiwa mizima, ndipo fundi atazame kama vijibawa vya turbo vimekwama kwa masizi, au kama mhimili wake unacheza.

Kuna presha nyingine isiyochanganywa na hii, nayo ni ya mafuta ya dizeli. Namba zake ni kama P0087 na P0193. Chujio la dizeli lililoziba au maji katika mafuta ndiyo mwanzo wa kutazama. Asilegeze mtu paipu ya chuma injini inaponguruma, kwa kuwa dizeli katika injini hizi hufikia presha mara elfu moja na zaidi ya hewa tuivutayo, na uzi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi kama sindano. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ileile, hata kama haoni jeraha.

Matengenezo yakisha, futeni namba, pakieni lori mzigo wake wa kawaida, na mashine isomwe wakati wa kupanda. Presha ya turbo itoke kwenye 79 ipande ipite 150, na katika malori mengine 200, ikae hapo mpaka dereva aachie mafuta. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha lori lako. Mwenye lori aandike katika daftari tarehe, namba, kilichopatikana na kilichobadilishwa, maana fundi wa mwaka ujao huenda akawa mwingine.

Zoezi. Lori limesimama Kericho mjini, swichi imewashwa na injini imezimwa. Sensa ya turbo yasoma 79, na ya hewa ya nje yasoma 101. Mashine imetoa namba P0236, inayotaja sensa ya turbo. Ungenunua ipi, na ungetazama nini kabla ya kununua? Majibu yatatolewa mwezi ujao.