Dawa za Kiliniki Zikifika Nyumbani
Somo la vikundi vya kujisaidia

Somo la safari hii linahusu dawa ambazo mgonjwa hupewa kwenye kiliniki akaenda nazo nyumbani, hasa wenye presha na sukari wanaorudi kila mwezi. Aliyelazwa hospitalini ana nesi wa kumletea tembe kitandani. Huyu wa kwenda na kurudi hana nesi. Nesi wake ni yeye mwenyewe, au binti yake, au jirani, na mara nyingi huyo jirani ni mwanachama wa kikundi chenu.

Tutaanza na kisa kilichotupata, na tunakubali tangu mwanzo kwamba kosa lilikuwa letu pia.

Nyanya mmoja, mwanachama wa kikundi cha akina mama, alikuwa akihudhuria kiliniki ya sukari. Alikuwa akipewa tembe za glibenklamaidi, ambayo kwenye pakiti huandikwa Glibenclamide. Mwezi mmoja dawa ikaisha dispensari, akaambiwa akanunue mjini. Sisi tulikuwa tunaenda mjini na gari la parokia, tukampeleka mpaka duka la dawa, akanunua, tukarudi. Ile pakiti ilikuwa na jina kubwa la kuuzia mbele, la rangi. Mwezi uliofuata dispensari ikapata dawa, naye akapewa bahasha yake kama kawaida. Sasa akaona ana dawa mbili za sukari, moja ya bahasha na moja ya pakiti. Akawa anameza zote mbili kila asubuhi, na kwa kweli alifurahi, maana alidhani ameongezewa matibabu. Kumbe ni dawa ile ile.

Jumapili moja, Misa ya kwanza, akaanguka wakati wa mahubiri. Alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine wakasema ni malaria, wengine wakasema ni joto la kanisani. Mama mmoja ambaye mume wake ana sukari ndiye aliyekimbia nyumba ya mapadre akaleta maji ya sukari. Nyanya akanywa, na baada ya kama robo saa akaanza kututambua. Tukampeleka hospitali, kisha tukaenda kwake kutafuta dawa zake. Tulizikuta kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati, za sukari zimechanganyika na za presha na za maumivu ya magoti. Ile pakiti ilikuwa kando. Chini ya jina kubwa, kwa herufi ndogo, iliandikwa Glibenclamide 5 mg. Bahasha nayo ilisema hivyo hivyo. Sisi tulio na macho mazuri na diploma ukutani tuliishika pakiti hiyo mkononi siku ile mjini, na hatukuisoma.

Majina mawili, dawa moja

Kila dawa ina jina lake, halafu kampuni inayoitengeneza yaweza kuipa jina la pili la kuuzia. Mfano ambao kila mtu anaujua ni Panadol. Dawa iliyo ndani yake ni parasetamoli. Mtu akimeza Panadol mbili, kisha parasetamoli mbili za bahasha, amemeza nne za dawa moja. Mtu mzima asipite tembe 8 za miligramu 500 kwa siku nzima, mchana na usiku pamoja, la sivyo ini laweza kuharibika.

Rangi nayo hudanganya. Dispensari nyingi za misheni hununua dawa kutoka MEDS, shirika lililoanzishwa mwaka 1986 na Kanisa Katoliki pamoja na makanisa ya Kiprotestanti. Dawa ile ile yaweza kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, kwa hiyo tembe iliyokuwa nyeupe na ya mviringo mwezi huu yaweza kuja ndefu mwezi ujao. Mzee akisema, "Mimi yangu naijua, ni ile nyeupe," bado hajaijua. Jina la kushika ni lile la herufi ndogo. Asiyejua kusoma aonyeshe pakiti ya zamani na mpya pamoja pale dirishani, aulize: hii ni ile ile, au ni nyingine?

Pale dirishani

Foleni ni ndefu, mtoa dawa amechoka, na mzee anafikiria matatu ya kurudi. Anapewa bahasha iliyoandikwa 1x2, anaambiwa "asubuhi na jioni", anaitwa mwingine. Tumewahi kukutana na watu wanaosoma 1x2 kuwa ni tembe mbili kwa mara moja. Maana yake ni tembe moja, mara mbili kwa siku. Na 2x3 ni tembe mbili, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.

Dawa ya kutuliza makosa hapa ni rahisi na haina gharama. Mgonjwa asiondoke dirishani kabla ya kurudia kwa maneno yake mwenyewe: hii ni ya nini, nameza ngapi, saa ngapi, kabla au baada ya chakula. Akikosea, arekebishwe pale pale. Usiulize, "Umeelewa?" Kila mtu husema ndiyo. Kama kikundi chenu kina mtu kwenye kamati ya dispensari, na alipeleke jambo hili huko.

Kufunga na Komunyo

Nyanya wetu hakuwa amekula kitu asubuhi ile. Alifundishwa utotoni kwamba anayepokea Komunyo hali wala hanywi tangu saa sita ya usiku, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo yamebadilika. Kwa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 919, kufunga ni saa moja tu kabla ya Komunyo, na maji na dawa havivunji mfungo. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Makatekista, tunawaomba mlisema hili waziwazi.

Glibenklamaidi hushusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na nguvu yake yaweza kukaa mwilini siku nzima. Humezwa pamoja na chakula cha asubuhi. Shirika la Afya Duniani linasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo mzee anayepewa dawa hii amuulize daktari kama kuna nyingine ya kumfaa. Lakini asiache mwenyewe bila kuuliza, maana sukari ikipanda nayo huua.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa kama mlevi. Akiweza kumeza, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu gilasi ya soda ya kawaida. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudieni. Akishapata nafuu ale chakula. Aliyezirai asitiliwe kitu mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Hata aliyeamka vizuri apelekwe, kwa sababu sukari yaweza kushuka tena baada ya masaa.

Siku ya kiondo

Tangu kisa hicho, kikundi cha yule nyanya kina utaratibu ambao tungependa wengine waujaribu. Kila miezi mitatu, siku ya kiliniki, wazee hutia kwenye kiondo dawa zote zilizo nyumbani: za dispensari, za dukani, za mitishamba, hata alizopewa na shemeji kutoka Nairobi. Kiondo kinamwagwa mezani mbele ya nesi. Zilizopita tarehe ya EXP na zisizo na jina zinaachwa pale pale dispensari, hazirudi kijijini. Katibu anaandika kwenye daftari la mgonjwa orodha moja tu, na daftari hilo huenda naye kila anapotibiwa. Mara ya kwanza mzee mmoja alikataa kuleta mitishamba yake akidhani atagombezwa. Nesi alimuuliza tu anaitumia lini na kiasi gani, akaandika.

Nyumbani kila dawa ibaki kwenye bahasha yake, mbali na moshi wa jikoni na mikono ya watoto. Kopo la Kimbo lafaa kuwekea bahasha. Tembe zilizo wazi zisitiwe humo.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

Katika kikundi chetu ni nani wanaomeza dawa kila siku, na ni nani nyumbani anayejua majina ya dawa hizo? Mzee anayeishi peke yake, nani atakwenda naye dirishani mwezi huu? Na nauli ya huyo wa kumsindikiza itoke mfuko gani?