Mwanamke Asiyekwenda Mwezini, na Chakula Chake

Mama mpendwa, leo tusome jambo ambalo wengi hulificha. Huku Kindu mwanamke akikaa miaka miwili au mitatu katika ndoa bila mtoto, maneno huanza. Mama mkwe huuliza, majirani hunong'ona habari za ulozi, na mume hushauriwa kuoa mwingine. Hata Hana aliposali kwa uchungu, kuhani alidhani amelewa.

Sisi wauguzi twauliza kwanza: je, anakwenda mwezini? Wako wanawake ambao mwezi wao huja mara tatu au nne tu kwa mwaka, tena huota nywele kidevuni na chunusi usoni. Wengi wao ni wanene, ingawa wembamba pia wamo. Mwaka 1935 waganga wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliueleza ugonjwa huu. Katika vifuko vya mayai huonekana vijifuko vidogo vingi vya maji. Si uvimbe wa kukatwa kwa kisu. Ni mayai yaliyoanza kukua yakasimama njiani. Hakuna aliyemroga mama huyu, wala si adhabu.

Chakula kinaingiaje hapo? Mwilini mna kitu kiitwacho insulini, kinachopeleka sukari ya chakula mahali pake. Mwili wa mama huyu hauisikii vizuri, basi hutoa nyingi zaidi. Nayo ikizidi, huchochea vifuko vya mayai kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halikomai. Unene huzidisha shida hiyo.

Sasa tazama sahani yako. Wali wa Maniema ni mtamu, na ugali wa mihogo hushibisha, lakini ukirundika wali kama kichuguu na sombe kijiko kimoja, umegeuza mambo. Nusu ya sahani iwe sombe, lengalenga au matembele. Robo samaki wa Lualaba au maharagwe. Robo iliyobaki wali au ugali. Mafuta ya mawese ni mema, ila sombe isiogelee ndani yake. Chai ya vijiko vinne vya sukari, soda, na mikate ya kukaanga ya barabarani: hapo ndipo wengi hunenepa huku wakisema hawali kitu! Tena tembea kila siku.

Mama wa kilo 90 akipunguza kilo 5 hata 9, mara nyingi mwezi hurudi, na wengine hupata mimba. Si wote, wengine huhitaji vidonge vya kuamsha yai, kwa amri ya daktari. Mume naye apimwe, maana mara nyingi shida iko kwake, naye hataki kusikia.

Ikipita miezi mitatu bila mwezi wala mimba, njoo kliniki, hata kama hutafuti mtoto. Utando wa tumbo la uzazi usiotoka huzidi kuwa mnene, na baada ya miaka unaweza kugeuka kansa. Andika tarehe za mwezi wako katika karatasi, uje nayo.