Asa Aliugua Miguu, Lakini Ugonjwa Ulianzia Hazina

Maandiko: 2 Mambo ya Nyakati 14:9-12, 16:1-14, 2 Wafalme 18:4, 20:1-7
Andiko la kukariri: Zaburi 20:7



Majuzi baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Pasta, mimi kila asubuhi nameza dawa ya presha. Hiyo ni kukosa imani?" Nikamjibu, "Hapana mama, endelea kumeza." Nilipofika nyumbani niliona nimejibu nusu. Nusu ile nyingine iko kwa Mfalme Asa, na ndiyo somo letu wiki hii.

1. Mfalme aliyeanza vizuri

Katika miaka yake ya kwanza Asa alivamiwa na Zera Mkushi, aliyekuja na watu milioni moja na magari ya vita 300. Kwa hesabu Asa alikuwa ameshindwa kabla ya kuanza. Alimlilia Mungu, akakiri kwamba hana tegemeo lingine, na Mungu akampigania.

Sasa ruka hadi mwaka wa 36 wa utawala wake. Adui wa safari hii ni mdogo: Baasha wa Israeli, anayejenga Rama ili kufunga njia. Asa hakuomba. Aliingia hazina ya nyumba ya Bwana, akatoa fedha na dhahabu, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski aje amsaidie.

2. Dawa iliyofanya kazi

Hapa wengi tunapita mbio. Mpango wa Asa ulifaulu! Ben-hadadi alishambulia, Baasha akaacha kujenga, na watu wa Yuda wakabeba mawe ya Rama wakajengea miji yao. Hanani mwonaji alipokuja kumwonya, Asa alikasirika akamtia gerezani. Utamwambia nini mtu ambaye mpango wake umefanya kazi?

Miaka mitatu baadaye miguu yake ikaugua vibaya sana. Sura ya 16 mstari wa 12 inaeleza kwamba hata katika ugonjwa huo hakumtafuta Bwana, aliwatafuta waganga. Neno hilo pale lina maana ya matabibu. Kwenda kwa tabibu halikuwa kosa. Kosa ni kwamba njia yake ya kwenda kwa Mungu ilikuwa imeota nyasi, kwa sababu aliacha kuipita tangu siku ile ya hazina. Ndiyo hatari ya dawa za dunia: mara nyingi zinafanya kazi, na tunazoea.

3. Bahasha ya mabati

Siwezi kumhukumu Asa, maana mimi mwenyewe nimeingia hazina. Wazee wanajua, na Pasta wetu amenikubalia niandike.

Mwaka jana, usiku wa Jumamosi, mtoto wetu alishindwa kupumua vizuri. Tulimkimbiza hospitali, tukaambiwa tulipe kiasi kwanza. Kwa begi langu kulikuwa na bahasha ya pesa za mabati ya kanisa, shilingi 18,500, nikingojea benki ifunguliwe Jumatatu. Nilitoa 12,000. Sikuomba hata sentensi moja. Nilijiambia, Ijumaa nitarudisha.

Mtoto alipona. Pesa ilifanya kazi. Ijumaa ikafika na sina kitu, nikakopa kwa simu, halafu nikakopa tena kulipa mkopo wa kwanza. Kwa wiki sita nilisimama mbele yenu nikisema pesa ya mabati iko sawa. Nimesomea biashara. Najua jambo hilo linaitwaje kwenye vitabu vya hesabu, na najua linaitwaje mbele za Mungu.

Deni liliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kila nikipiga magoti nilikuwa nawaza tarehe ya kulipa. Na usiku ule ningepiga simu kwa mmoja wenu tu, mngenichangia. Ninyi ni watu wa kuchangia hata matanga ya msiowajua. Sikumwamini Mungu, na sikuiamini familia ya Mungu. Nilikiri kwa wazee, nikarudisha yote kwa miezi minne, na leo pesa zinahesabiwa na watu watatu. Mimi si mmoja wao, na hiyo ni sawa.

4. Kikombe na nyoka wa shaba

Wengi mnakumbuka mwaka wa 2011. Huko Tanzania, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za huko. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, Wakenya wakiwemo, na kuna waliofia kwenye foleni hiyo. Siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye maumivu hupanda gari lolote. Ninauliza tu: wakati ule tulikuwa tunauliza Mungu anasema nini, ama tulikuwa tunauliza gari linatoka saa ngapi?

Nyoka wa shaba wa Musa aliagizwa na Mungu mwenyewe, na watu walipona kwa kumtazama (Hesabu 21). Lakini kufikia wakati wa Hezekia, Waisraeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kizuri kilikuwa kimekalia kiti cha Mungu. Hezekia akamvunja vipande vipande.

Sasa angalia. Hezekia huyo huyo alipougua karibu kufa, aligeukia ukuta akaomba huku akilia. Mungu akamwongezea miaka 15. Kisha Isaya akaagiza tini ziletwe, zikawekwa juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka, na bado dawa ilipakwa! Aliyevunja nyoka hakuona aibu kupakwa tini.

5. Shimo la upande wa pili

Wapendwa, tusiruke shimo la Asa tukaangukia lingine. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kumfuata Yesu. Kulikuwa na watoto wengi. Yeyote anayekuambia kwamba imani ni kutupa dawa zako au kumnyima mtoto hospitali, hata kama ameshika Biblia, usimsikize.

6. Basi tufanye nini?

Kwanza, anza na Mungu. Hata kama uko kwenye bodaboda na mgonjwa amekuegemea, sema, "Baba, nisaidie." Sentensi moja inatosha kufungua njia.

Pili, nenda hospitali. Meza dawa, rudi kliniki siku uliyoambiwa, lipa SHA kabla hujaugua. Hizo ni tini zako.

Tatu, kataa msaada unaokutaka uibe, udanganye, au upige magoti mahali pengine. Hata ukifanya kazi leo, kesho utakudai zaidi.

Nne, sema mapema. Kikundi chako cha maombi hakiwezi kubeba mzigo ambao umeuficha.

Na wewe mama wa presha, hii hapa nusu yako iliyobaki: meza kidonge, na ukiwa umeshika kikombe cha maji, mshukuru aliyekuamsha. Asa alikuwa na matabibu wengi. Alichokosa ni hayo maneno mawili matatu.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Je, kuna jambo "lililofanya kazi" maishani mwako lakini likakupeleka mbali na maombi?
2. Nyoka wa shaba wa siku hizi hapa kwetu Kimilili ni nini?
3. Ni nini hufanya mshirika afiche shida yake hadi akope? Tubadilishe nini kama kanisa?

Sala
Baba, tusamehe pale tulipoingia hazina kabla ya kuingia mbele zako. Bariki mikono ya madaktari na wauguzi, ponya wagonjwa wetu, na utufundishe kukuita wewe kwanza. Katika jina la Yesu. Amina.